Zima Gari Tusikie

Mbele ya gereji moja ya Tunduma, hatua chache kutoka barabara kuu inayokwenda mpakani, ilisimama Landrova ya zamani, 109 ya petroli, boneti wazi na redio ikiwa hewani. Nyuma yake malori yalikuwa katika foleni yao ya kila siku ya kwenda Zambia na Kongo, yakinguruma, yakipuliza upepo wa breki, yakifuka moshi. Fundi akakanyaga mafuta kidogo, na spika ikaanza: tak, tak, tak-tak-tak, mkwaruzo mkavu unaokwenda mbio mguu unaposhuka na kutulia mguu unapoachia. Mtangazaji alikuwa akisoma habari. Maneno yake yalifika vipande vipande, jina la mji bila tukio lililotokea huko, namba bila kitu kilichohesabiwa. Kilichonishika ni kwamba katika makelele yote ya mji ule, mkwaruzo huu peke yake ndio ambao sikio lisingeupata bila redio. Lori la tani 30 hutikisa ardhi mpaka vioo vya maduka vikalia, lakini matangazo haliyagusi, kwa sababu dizeli huwaka kwa kubanwa na haina haja ya cheche. Injini ndogo ya petroli, ambayo ikishika sailensa huisikii ukiwa ng'ambo ya barabara, ndiyo iliyokuwa ikimziba mdomo mtu anayesema kutoka mbali.

Tangu hapo nimekuwa nikiifikiria cheche. Ni kitu kidogo mno, mwanga wa buluu usiofika milimita moja kwa urefu, unaoruka kwenye ncha ya plagi mahali ambapo jicho halifiki. Koili huupokea umeme wa betri, volti 12, ikaupandisha hata kufikia volti 20,000. Distributa ikaugawa kwa zamu, silinda ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili, kisha ya kwanza tena. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hupiga cheche 100 kila sekunde, na kila moja ni radi iliyokamilika. Umeme unapoipasua hewa ghafla namna ile, kazi yake haiishii kwenye kuwasha petroli. Waya wa plagi hugeuka antena, na wimbi hutoka nje ya boneti likiwa halina stesheni yake maalumu: limetapakaa kwenye mawimbi ya kati, mawimbi mafupi, hadi FM. Na hivyo ndivyo redio yenyewe ilivyozaliwa. Heinrich Hertz, huko Karlsruhe mwaka 1887, alirusha cheche kati ya vyuma viwili na kuona cheche nyingine, hafifu, ikitokea kwenye kitanzi cha waya kilichowekwa kando bila kuunganishwa na chochote. Marconi akajenga juu ya hapo. Titanic ilipokuwa ikizama mwaka 1912 iliomba msaada kwa cheche. Baadaye mataifa yakakubaliana kuziacha stesheni za namna hiyo, kwa kuwa moja ikisema, zilizo jirani zote hazisikiki. Zikaondoka melini, zikaondoka pwani. Ndani ya magari ya petroli zilibaki, na hakuna aliyekuwa amezikusudia kusema neno lolote.

Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Stesheni inaweza kuwa na nguvu ya maelfu ya wati, lakini ikiwa iko Lusaka au Dar es Salaam, wimbi lake likishavuka mito na milima yote iliyo katikati hufika huku likiwa limebaki uzi. Cheche iko mita moja na nusu kutoka kwenye antena. Haihitaji kuwa na nguvu. Inatosha kuwa karibu. Nimejiuliza mara nyingi ni mambo mangapi ya mbali, yenye maana na yenye uzito, ambayo hayatufikii kwa sababu ya kitu kidogo tulichokaa nacho chumba kimoja. Tukikosa kusikia hutazama juu, tukailaumu stesheni, tukayalaumu mawingu, tukailaumu redio, na kikulacho ki nguoni mwako.

Landrova hiyo naijua tangu utotoni. Ilikuwa ya chama cha ushirika cha kahawa, huko Mbozi, na chama kilipouza magari yake baba mdogo akainunua. Wakati ule redio ya gari ilikuwa redio ya kijiji. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa na habari, na mwaka 1973 ndiyo iliyobeba Mtu ni Afya, kampeni iliyowakusanya watu kama milioni mbili nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza, wakajifunza kuchimba vyoo, kuchemsha maji, kujikinga na malaria. Lakini kilichowafanya watu wazima wakimbie kutoka shambani na jembe mkononi kilikuwa matangazo ya vifo. Jina la marehemu, jina la baba yake, mahali alipofia, mahali atakapozikwa, kisha orodha ya ndugu wanaopewa habari popote walipo: Tunduma, Vwawa, Mlowo, Sumbawanga, Kitwe. Gari likipita kijijini saa ya matangazo hayo, watu walinyoosha mikono katikati ya barabara. Dereva alisimama. Redio ilikuwa inasema, lakini tak-tak-tak ilikuwa inasema pia, na ilikuwa na desturi mbaya ya kuangukia jina. Ndipo mtu, kwa kawaida mama mmoja mtu mzima, alipotoa sauti: "Baba, zima gari tusikie."

Dereva hakupenda kuzima. Betri ilikuwa dhaifu, stata haikuaminika, na kila mwenye gari la zamani nyanda hizi alijifunza kuegesha kwenye mteremko ili likikataa kuwaka lisukumwe. Hata hivyo alizima, kwa sababu jina la marehemu lina haki. Injini ilipokata, sauti ya Dar es Salaam ilisimama peke yake katikati ya barabara ya vumbi, safi, kila herufi mahali pake, na kila aliyekuwa pale akajua kama msiba ni wake au wa mwenzake. Matangazo yakiisha watu walizunguka nyuma, wakaweka mabega kwenye bodi, wakasukuma. Mlipokea habari yenu kisha mkalipa kwa jasho. Hakuna aliyelalamika, na sioni kwamba kulikuwa na la kulalamikia. Ila tiba ile ilikuwa na bei: ukitaka kusikia, usiende, ukitaka kwenda, usisikie. Miaka mingi tuliishi na uchaguzi huo tukidhani ndivyo magari yalivyoumbwa.

Mafundi wa Tunduma hawaukubali. Mji ule umelelewa na barabara. Tangu Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru wake, Novemba 1965, na Zambia ikalazimika kutafuta mafuta kwa njia ya kaskazini, kila kinachokwenda kwa magurudumu kati ya bandari ya Dar es Salaam na migodi ya shaba kimepita hapo. Bomba la mafuta la TAZAMA likafuata mwaka 1968, reli ya TAZARA mwaka 1976, na lami katikati yake. Mji wa namna hiyo huzaa mafundi wanaosikiliza. Yule wa Landrova yetu ni kijana bado, lakini alipokaa kwenye kiti cha dereva alifumba macho kabla ya kugusa chochote. "Mzee, redio usiiguse kwanza," aliniambia. "Redio inasema kile inacholetewa." Akapiga resi, akaachia. Mkwaruzo unaotatarika na kufuata mguu, alisema, huo ni wa plagi. Ungekuwa unalia kwa mlio mmoja mwembamba, ungekuwa wa alternata. Ungebaki palepale mguu ukipanda au ukishuka, tungetafuta kwingine. Kisha akauingiza mkono nyuma ya redio na kuuchomoa waya wa antena. Tak-tak ikakatika mara moja. Kwa hiyo uchafu haukuwa ukipita kwenye waya wa umeme, ulikuwa ukipita hewani na kuingilia mlango uleule wa mtangazaji. Kwa jaribio hilo moja aliokoa fedha ambazo wengi huzitupa kwa kununua chujio la kufunga kwenye waya wa umeme wa redio, kitu kizuri, lakini kinachofungwa kwenye mlango ambao mwizi hakupitia.

Aliyoyafanya baadaye niliyatazama kwa karibu, na sijui kwa nini kazi ya mikono inayofuata fikra nzuri huwa inanitia imani kiasi kile. Alifungua kitako cha antena juu ya madigadi. Chini yake kulikuwa na ungaunga mweupe, mkavu, ulioshikana kama chumvi ya mawe. Bodi ya Landrova ni ya alumini na fremu yake ni chuma; metali hizo mbili zikikutana na mvua ikaingia kati, alumini huliwa polepole ikageuka unga huo, na unga haupitishi umeme. Antena iliyopaswa kushika ethi kwenye bodi ilikuwa inaelea. Boneti nalo lilikuwa limelala juu ya bawaba zilizoshika kutu, likiwa halina ethi yoyote, na boneti lisilo na ethi haliizuii cheche, hupokea wimbi lake na kulirusha tena. Alipiga msasa mpaka alumini ikang'aa, akaweka washa yenye meno inayong'ata, akapaka grisi kidogo kuzuia maji. Akachukua mkanda wa waya wa kusuka, akafunga boneti na bodi, akafunga mwingine kati ya injini na fremu. Mkwaruzo ukashuka, lakini haukuisha.

Tulisubiri giza. Hilo nalo lilikuwa ombi lake: turudi jua likishazama, tuzime taa za gereji. Injini ikaungurumishwa, boneti likainuliwa, na kwenye waya wa plagi ya tatu ukaonekana mwanga wa buluu unaotambaa, unaruka kutoka kwenye ufa mdogo wa mpira na kukimbilia kwenye chuma cha injini. Mchana usingeuona hata ungeweka jicho hapohapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu ulikuwa unavujisha umeme ambao injini yenyewe ilikuwa inauhitaji. Baba mdogo alikuwa amelalamika kwa muda kwamba gari linakosa nguvu mlimani. Nyaya zote nne zilitolewa. Zilikuwa za shaba tupu ndani, za mtindo wa kale, na mahali pake zikaja nyaya zenye kiini cha kaboni, ambacho hupitisha umeme kwa kuukaza. Plagi zikabadilishwa, zikaja zenye resista ndani yake, ohm 5,000 hivi kila moja. Mwisho akafunga kapasita ndogo kwenye koili, upande unaopokea umeme wa swichi, ganda lake likiwa limebanwa kwa boliti ileile inayoishika koili. Kwenye upande ule tu, alisisitiza, akigusa terminali kwa ncha ya bisibisi. Ukiifunga kwenye waya unaoteremka kwenda distributa, cheche inadhoofika na gari linaweza lisiwake kabisa.

Nimelitafakari sana onyo hilo. Mtu anayechukia kelele hufikia haraka wazo la kuizima cheche. Lakini gari la petroli bila cheche ni bati lililoegeshwa. Resista haiizimi: hufanya kazi ya mawe yanayopangwa kwenye mtaro wa mvua mlimani, maji yanafika bondeni yaleyale, ila hayafiki kwa kishindo cha kubomoa kingo. Umeme unaruka, petroli inawaka, gari linapanda. Kilichoondolewa ni ule mshtuko wa mwanzo, sehemu ndogo sana ya sekunde, ambayo haikuwa na faida kwa injini na ilikuwa na hasara kwa kila mwenye masikio. Ningependa mambo mengi zaidi yatengenezwe kwa akili hiyo. Nyumbani, kwenye vikao, kwenye siasa zetu, tumezoea njia mbili tu: kumwacha mwenye moto awake atakavyo, au kumnyamazisha kabisa. Njia ya tatu inataka mtu akae karibu na moto wenyewe, aujue, aupunguze pale unapozaliwa. Kuipunguza kelele kwenye spika ni kazi bure. Ukiongeza sauti unawaongeza wote wawili, mtangazaji na mkwaruzo, na ukipunguza unawapunguza wote wawili.

Mwaka 1930, huko Chicago, Paul Galvin na wenzake walifunga redio ndani ya gari na kuanza kuiuza kwa jina la Motorola. Redio zenyewe zilikuwepo, na magari yalikuwepo. Kilichowatoa jasho ni kuviweka pamoja, kwa sababu gari lilikuwa adui wa redio. Kijana wao Elmer Wavering alikuwa miongoni mwa waliohangaika kutafuta kila mahali ambapo cheche ilikuwa inatorokea, na kwa miaka mingi redio ya gari ilifungwa pamoja na resista za kuvalisha kila plagi. Miaka michache baadaye, nje kidogo ya Chicago hiyohiyo, mjini Wheaton, fundi mwingine wa redio aitwaye Grote Reber alijenga nyuma ya nyumba, kwa fedha yake mwenyewe, sahani ya chuma yenye upana wa zaidi ya mita 9, akaielekeza mbinguni. Alikuwa anafuata habari iliyotolewa mwaka 1933 na Karl Jansky. Jansky alikuwa ametumwa na kampuni ya simu kuuchunguza mkwaruzo uliosumbua simu za redio za kuvuka bahari, akaugawa mafungu matatu: radi za karibu, radi za mbali, na mvumo wa kudumu usio wa radi yoyote, uliokuwa unatoka katikati ya Njia Nyeupe, kwenye kundi letu la nyota. Reber alitaka kuuchorea ramani. Mchana hakuweza. Magari yalipita barabarani na kila cheche ikairusha kalamu ya mashine yake. Akawa anafanya kazi kiwandani mchana na kusikiliza usiku, magari yakiwa yamelala, na hata hivyo karatasi zake zina mistari iliyochomoka juu ghafla kila gari la usiku lilipopita. Kati ya mtu huyo na moyo wa Njia Nyeupe hapakuwa na ukuta, palikuwa na plagi za majirani.

Huku kwetu mbingu iliwahi kutua bila redio. Kwenye kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, kimelala kimondo, bonge la chuma na nikeli lenye urefu wa kama mita 3, ambacho mpima ardhi W. H. Nott alikiandikia taarifa mwaka huohuo wa 1930. Ukikigusa asubuhi ni baridi. Wageni hukizunguka, wakapiga picha, wakaondoka, na mimi humpenda sana kila anayebaki kidogo bila kusema. Sidai kwamba kina uhusiano na Landrova ya baba mdogo zaidi ya huu: barabara ya kukifikia inapitiwa na magari ya petroli, na kila moja, likikaribia kitu hicho kilichokuja kutoka mbali kuliko stesheni yoyote, linatangaza tak-tak-tak.

Sehemu ya jambo hili inayonigusa kuliko zote ni jirani. Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Mwenye gari huizoea cheche yake, au hana redio, au ana redio ya kisasa yenye flashi na nyimbo zake, hewa haina shughuli naye. Lakini wimbi haliishii kwenye bodi. Bodaboda inayopita mbele ya nyumba ya mzee anayesikiliza taarifa ya habari humchania sentensi. Kijana hajui, na mzee hajui ni nani. Zikisimama tano kituoni, karibu na dirisha, zikiwa zinaunguruma kungoja abiria, mzee huzima redio yake. Wenzetu waliliona hili mapema. Mwaka 1934 iliundwa kamati ya kimataifa ya kushughulikia mikwaruzo ya redio, inayojulikana kwa herufi CISPR, na mwaka 1952 Uingereza ilitunga kanuni za kuwalazimisha watengenezaji kufunga vizuia-cheche kwenye magari mapya. Kanuni hizo hazikutungwa kumlinda mwenye gari, zilimlinda aliyekaa nyumbani kwake. Mzigo ukawekwa kwa mwenye cheche. Nadhani hapo ndipo unapostahili kukaa, hata mahali ambapo hakuna askari wa kuukagua, kwa kuwa msikilizaji hana namna yoyote ya kujitetea: hawezi kufunga resista kwenye pikipiki ya mtu asiyemjua.

Na jirani wa Tunduma anaweza kuwa nchi nyingine. Nakonde iko ng'ambo ya barabara. Wanyamwanga wako huku na wako kule, wanazikana, wanaoana, wanalima mashamba yanayotazamana. Mwaka 1949, wakati kule kukiitwa Rhodesia ya Kaskazini, stesheni ya Lusaka ilileta redio ya betri ya bei nafuu, pauni 5, ya mviringo, yenye umbo la sufuria kwa kuwa ganda lake la kwanza lilikuwa sufuria hasa, na watu wasio na umeme wala gari wakaanza kusikia Kibemba kikisema kutoka hewani. Mawimbi ya kati husafiri mbali usiku kuliko mchana, hayajali mtu ni raia wa wapi. Mwaka 2019 serikali mbili zilifungua kituo cha pamoja cha forodha ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili, na ilikuwa hatua njema; sauti zilikuwa zimevuka bila kukaguliwa miaka 70 kabla. Mkwaruzo nao ulivuka. Cheche ya Landrova yetu, ikiwa imeegeshwa upande huu, iliweza kuchafua "Muli shani", salamu ya Kibemba, kwenye redio ya mtu aliyeketi upande ule.

Wapo wanaoniambia niachane na yote haya, nisikilize FM. Ni kweli FM huvumilia cheche vizuri zaidi, kwa sababu mkwaruzo hugusa zaidi ukubwa wa wimbi, na FM hubeba sauti yake kwenye kasi ya mtikisiko, ikaukata ukubwa na kuutupa. Ila FM husafiri kwa kuonana: mlima ukikaa katikati, inakatika. Nenda kutoka Mlowo ukiteremka kuelekea Kamsamba na bonde la Rukwa, utaona stesheni zinavyodondoka moja baada ya nyingine, na ile inayobaki, ikishakuwa dhaifu, cheche huipata vilevile. Wengine wananiambia ninunue gari jipya. Hao siwajibu. Gari linalopanda mlima, linalobeba kahawa, lililosukumwa na mabega ya watu waliokwisha kufa, halitupwi kwa sababu lina kelele inayotibika kwa waya nne na plagi nne.

Baada ya kazi yote kuna mvumo mwembamba uliobaki, unaopanda na injini. Huo ni wa alternata, na fundi ameshanionyesha kapasita yake itakapokaa. Mvua zikianza Novemba radi za Rukwa zitarudi kupasuka kwenye mawimbi ya kati, kwa mbali, bila mpangilio, na hizo hazina fundi. Zilizobaki zina dawa, na dawa yenyewe iko kwenye herufi moja iliyochapwa kwenye kauri. Kwa Landrova, Champion N12YC ni tupu, RN12YC ina resista. Kwa pikipiki nyingi za abiria, NGK D8EA ni tupu, DR8EA ina resista, na iko pia kofia ya plagi yenye resista ndani. Muuza spea akikuletea isiyo na R mrudishie kwa upole, asubuhi atakuwa ameagiza. Kijana wa bodaboda anayeegesha kwetu usiku nimemnunulia ya kwake pamoja na kofia. Amesema ataifunga kesho akipeleka pikipiki kubadilisha oili.